Mama Mkwe Kilimani Siku ya Mbio

Kwa maoni ya mama mkwe wake, Kona alikuwa mwanamume pekee duniani anayelima mwaka mzima asipande hata kunde. Mama alilisema hilo waziwazi, mbele ya wageni, huku akiwamiminia chai. "Huyu mkwe wangu anachimba tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi," angewaambia, "na mkimuuliza anavuna nini, atawajibu anavuna kona."

Wageni walicheka. Kona naye alicheka, maana utamjibu nini mama mkwe aliyekaa kwenye kiti chako, nyumbani kwako, akiwa na birika lako mkononi? Lakini maneno yale yalimkera chinichini, kama mchanga ndani ya kiatu. Hayaumizi sana, ila kila hatua unayakumbuka.

Jina lenyewe alibandikwa na majirani. Zamani alikuwa mvunja mawe kwenye ujenzi wa barabara kuu. Barabara ilipokwisha, kampuni ikafunga virago, naye akabaki na sururu, maumivu ya kiuno na kishamba cha mahindi chini ya kilima. Akawa mkulima kwa kukosa kingine cha kufanya. Halafu asubuhi moja wakatokea watu katikati ya mahindi yake, wamevaa nguo za kubana na kofia ngumu, wamebeba baiskeli mabegani kama watu wanaokimbia moto. Walikuja kutoka mjini ili washuke kilima, wakapotea. Kiongozi wao, daktari wa meno mwenye kitambi kidogo na adabu nyingi, aliomba radhi kwa kila bua walilolivunja.

Kona akawaongoza. Siku hiyo, akiwatazama wanavyoteremka, wanavyofunga breki na kuruka mashimo, aliona jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Vijia vya kilimani vilikanyagwa na watu na mbuzi waliotaka kufika upesi. Vilishuka moja kwa moja, mvua ikavifuata, ikavigeuza mifereji. Baiskeli zilitaka kitu kingine. Zilitaka kuzunguka, kupanda kidogo, kushuka tena, na pale njia inapokunja, zipate ukuta wa udongo wa kuegemea. Barabarani alikuwa ameona jinsi njia inavyolazwa upande mmoja ili maji yaondoke. Jumapili iliyofuata akachukua jembe akaenda kujaribu, kwa kujifurahisha tu. Akachimba kona moja. Akarudi kuitazama siku ya pili kama mtu aliyepata mtoto.

Kuanzia hapo hakuponyeka. Ukikaa naye mezani, kidole anachovya kwenye chai, anakuchorea kona. Ukimwambia mtoto anaumwa, atakupa pole ya kweli, kisha atauliza mvua imeharibu nini upande wa misonobari. Daktari wa meno na wenzake walipounda chama cha waendesha baiskeli, walimwajiri awe mtunza njia. Mwenyewe alijifunza kupanda baiskeli ya milimani akiwa ameshaota mvi. Siku ya kwanza aliingia kichakani kichwa mbele, na mke wake, fundi cherehani, alicheka mpaka ikabidi ashike ukuta.

Mama mkwe alihamia kwao baada ya upepo kuezua paa la nyumba yake. Alikuwa amestaafu upishi wa shule ya bweni, na nusu ya maisha yake aliyatumia kuwaamuru wanafunzi wapange foleni. Sauti yake ilikuwa ya kazi hiyo hiyo. Akimwita mjukuu aliyeko chumba cha pili, majirani wawili walitoka nje kuuliza kuna nini. Kila wiki, jua au mvua, alivuka kilima kwenda kumwona dada yake mkubwa aliyeishi upande wa pili. Alipita kijia chake kile kile cha siku zote, na kijia hicho kilikatwa sehemu mbili tatu na njia za Kona. Mara moja karibu na daraja la mbao baiskeli ilimpita ubavuni kwa kasi, mayai aliyokuwa amembebea dada yake yakawa rojo kikapuni. Tangu siku hiyo baiskeli zote alizijumlisha kwa jina moja: "vyuma vyenu."

Basi mambo yalikuwa hivyo chama kilipoandaa mbio zake kubwa. Washiriki walitoka mbali. Nyumba za jirani zilijaa wageni, na kwenye uwanja wa shule kulisimamishwa mahema. Kona hakulala vizuri wiki nzima. Alikagua kila daraja, akapigilia kila msumari uliochomoza, akafunga utepe mwekundu kwenye kila mti uliokaribia njia. Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi, nacho ni ile kona ya juu waliyoiita Kona ya Jiwe. Pale njia ilishuka kwa kasi kutoka kwenye misonobari, ikapinda ghafla nyuma ya jiwe kubwa kama nyumba. Anayekuja hawezi kuona kilichoko mbele mpaka awe ameshapinda. Alitaka kuihamisha, mvua zikamwahi. Kwa hiyo akaamua pale asimame msimamizi mtu mzima, siyo wa kubahatisha, akamwomba kinyozi wa kijijini. Kinyozi akakubali kwa fahari, akapewa fulana ya kung'aa, filimbi na redio ya mkononi.

Jioni ya kuamkia mbio, Kona alimfuata mama mkwe barazani. Alisimama, hakukaa.

"Mama, nina ombi."

"Sema, mkwe."

"Kesho asubuhi, nakuomba sana, usipite kilimani. Watashuka kwa kasi. Subiri mpaka mchana, tukishafungua njia nitakusindikiza mwenyewe kwa mama mkubwa."

Mama aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. "Nimesikia," alisema.

Kona akaingia ndani kifua kimemlegea. Mke wake, aliyekuwa anakunja nguo za wateja, akamtazama. "Amekubali?"

"Amesema amesikia."

"Mh," mke akasema. "Mama yangu namjua. Kusikia na kukubali kwake ni vitu viwili." Lakini alikuwa amechoka, na Kona alikuwa amechoka zaidi, wakaliacha hapo.

Asubuhi ilianza vizuri kupita alivyotumaini. Umande ulikuwa mwepesi, udongo umeshikana, hauna vumbi wala tope. Washiriki waliachiwa kutoka kileleni mmoja mmoja, kwa kupishana, na Kona alisimama chini kwenye mstari wa kumalizia akiwa na redio sikioni. Kila aliyefika alikuwa na udongo mpaka kwenye meno na tabasamu juu ya udongo. Mmoja alishuka kwenye baiskeli, akamkumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta, ambaye alikuwa mwuza maji. "Nani amechonga hii njia?" alipiga kelele. Daktari wa meno akamwelekezea kidole Kona, na Kona akajifanya anarekebisha utepe ambao haukuwa na tatizo lolote.

Hapo ndipo alipomwona mke wake. Alikuwa anakuja mbio akipenya katikati ya watu, futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Baba watoto! Mama hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Nimeenda kumpelekea uji, chumba kitupu. Kikapu hakipo. Mtoto anasema mama mkubwa alipiga simu asubuhi, akasema 'njoo upesi', simu ikakatika. Mama akavaa kandambili akaondoka." Alimshika mkono. "Nimempigia mama mkubwa, hapatikani. Mama mwenyewe simu ameiacha kitandani."

Kona hakuhitaji kufikiri ili aone kijia cha mama. Alikiona chote, kutoka nyuma ya nyumba hadi kisima, kutoka kisima hadi daraja la mbao, kisha kinapanda kwenye miti na kukata njia ya mbio hatua chache tu chini ya Kona ya Jiwe.

Akabonyeza redio. "Kona ya Jiwe, Kona ya Jiwe, unanisikia?"

Redio ikakoroma.

"Kinyozi! Jibu!"

Kimya. Redio ilikoroma tena, ikanyamaza kabisa.

Daktari wa meno alikuwa ameshasogea karibu. Alimtazama Kona usoni, na kwa kuwa ni mtu aliyezoea kuona watu wenye hofu, hakupoteza muda kuuliza maswali mengi. "Ni nini?"

"Mama mkwe wangu yuko juu. Kwa miguu. Ndani ya njia."

"Simamisheni," daktari akasema kwenye redio yake mwenyewe. "Kileleni, msimwachie mtu mwingine yeyote. Narudia, hakuna mtu kuondoka." Kisha akamgeukia Kona, sauti imeshuka. "Lakini walioko njiani tayari siwezi kuwasimamisha."

"Najua," Kona alisema, na alikuwa ameshakamata baiskeli yake.

Kulikuwa na njia nyingine ya kupanda, pana na yenye makorongo, iliyokuwa ikitumika zamani kuburuta magogo. Kona aliipanda kwa miguu yote miwili na kwa roho yote. Palipokuwa pamesimama mno alishuka akasukuma, pakilala kidogo akarukia tena kitini. Kifua kiliwaka. Kila alipovuta pumzi, kichwa kilimletea picha asiyoitaka. Aliwaza mama akivuka taratibu, kikapu mkononi, akitazama chini anapokanyaga. Aliwaza gurudumu likitokeza nyuma ya jiwe. Akawaza atamwambia nini mke wake. Hapo akakaza mwendo ili asiendelee kuwaza.

Jambo moja lilimchoma kuliko mengine. Miaka yote aliyosemwa kwamba analima kisichovunwa, alijifariji kwamba angalau kazi yake haimdhuru mtu. Sasa ile kona aliichimba kwa mikono yake mwenyewe. Aliisugua, aliishindilia, aliilaza ubavu ili baiskeli zipite kwa kasi zaidi.

Njia ya magogo iliungana na njia ya mbio chini kidogo ya jiwe. Kona alitokeza pale akihema kama mbwa. Akasimama.

Baiskeli nyekundu ilikuwa imelala katikati ya njia, gurudumu la mbele limepinda kama kipande cha ganda la chungwa. Pembeni yake, kikapu cha mama kilikuwa kimepinduka. Machungwa yalikuwa yametawanyika mpaka majanini. Na juu kidogo, katikati ya njia, palikuwa na kandambili moja ya bluu, imeangalia juu.

"Mama!" aliita. Sauti ilimtoka nyembamba, siyo yake. "Mama!"

Hakuna aliyejibu. Upepo ulipita kwenye misonobari. Kona aliiachia baiskeli ikaanguka. Alikuwa bado ameitumbulia macho ile kandambili, wakati sauti ilipolipuka kutoka upande wa juu wa jiwe, sauti ya kupanga foleni bwaloni.

"WEWE! WEWE MWENYE KOFIA YA NJANO! SHUKA! NASEMA SHUKA CHINI UTEMBEE!"

Breki zilipiga yowe. Mawe madogo yakaporomoka. Kisha ikasikika sauti ya kijana, yenye hofu na heshima. "Samahani mama! Nimeshashuka, mama!"

"Haya, shika hicho chuma chako, pita pembeni polepole. Kuna mtu ameumia huko chini. Na usimkanyage!"

Kona alikaa chini. Hakukusudia kukaa, alijikuta tu amekaa kwenye njia, makalio kwenye kokoto, mikono imemwangukia mapajani. Akatoa pumzi ndefu iliyochanganyika na kicheko na kitu kama kilio. Yuko hai. Yuko hai na anafoka. Hakuna sauti duniani ambayo ingemfurahisha zaidi kwa wakati ule.

"Wewe ni mkwe wake?"

Kona akageuka. Kwenye kivuli cha jiwe, kando ya njia, alikuwa amelala mwanamke kijana mwenye nguo za mbio, mkono wake umefungwa kifuani kwa mtandio ambao Kona aliufahamu vizuri sana. Chini ya kichwa chake palikuwa na sweta la mama. Uso ulikuwa umempauka kwa maumivu, lakini alikuwa anajitahidi kutabasamu.

"Ndiyo. Umeumia wapi?"

"Bega. Nadhani ni mfupa wa mtulinga. Mguu uko salama, kichwa kiko salama, bibi amenikagua mwili mzima." Alisita kidogo. "Mimi ni mwalimu. Nilidhani najua kuwanyamazisha watu. Huyu bibi hajaacha kuwapigia kelele tangu afike, na wote wametii."

Kidogokidogo, kwa maneno ya mwalimu, Kona alielewa yaliyotokea. Mwalimu alishuka kwa kasi kuliko alivyoweza kuimudu, akapinda akiwa amechelewa, akaruka upande mmoja na baiskeli upande mwingine. Kinyozi alikuja mbio, akaona mkono ulivyoning'inia, akachanganyikiwa. Redio ilikuwa imezima. Alibaki anazunguka huku na huku, anapuliza filimbi bila kujua anampulizia nani. Hapo ndipo bibi mmoja alipotokeza kwenye miti akiwa na kikapu cha machungwa. Aliwatazama wote wawili, akaweka kikapu chini, akamwambia kinyozi, "Acha kunipigia hiyo filimbi masikioni. Teremka mbio ukaite watu wenye machela." Kinyozi akakatisha porini na kutoweka. Bibi akamsogeza mwalimu pembeni, akamfunga mkono, na alipojaribu kuiondoa baiskeli njiani akasikia nyingine inakuja. Basi akavua kandambili ili akimbie vizuri, moja ikamponyoka, akapanda peku mpaka upande wa juu wa jiwe.

"Aliyefuata angegonga baiskeli yangu aniangukie," mwalimu alisema. "Nilisikia anavyokuja. Nilifumba macho. Halafu nikasikia 'wewe!'"

Kona aliinuka, akaikokota ile baiskeli nyekundu mpaka pembeni, akapanda kona yake kwa miguu. Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa jiwe, katikati kabisa ya njia, mikono kiunoni, amejipanga kama mlango. Alimwona, akamtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Umechelewa," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Wako wengine wanaokuja?"

"Hapana. Tumesimamisha. Huyo wa njano alikuwa wa mwisho."

"Haya." Na hapo hapo, kana kwamba aliambiwa sasa anaweza kupumzika, mama alikaa juu ya mzizi wa msonobari. Kona akakaa naye, mbali kidogo, kama ilivyostahili.

Kutoka chini zilianza kusikika sauti za watu wanaopanda.

"Ulidhani nimekufa?" mama akauliza.

"Niliona kandambili yako, mama."

"Ulilia?"

Kona alifikiri. "Nilikuwa naanza."

Mama akaguna. Halafu kicheko kikampanda, kikamtikisa mabega, akajifuta macho kwa kiganja. "Nilikwambia nimesikia," alisema. "Na nilisikia kweli. Ila dada yangu aliposema njoo upesi, miguu haikuniuliza."

Wauguzi walifika na machela, kinyozi akiwa mbele yao, ametapakaa majani, anaeleza kwa sauti jinsi alivyokimbia. Walimweka mwalimu kwa uangalifu. Kabla hawajamwinua, mwalimu aliomba mkono wa mama, akaubana kwa mkono wake mzima. Mama akamwambia ale vizuri na asikae na nguo mbichi. Mtandio akamwachia.

Mama alipotaka kusimama, uso ukamkunjamana. Alikuwa ameingiwa na mwiba kwenye unyayo.

"Lete huo mguu, mama," Kona alisema.

Mama alitazama miti. Kona alitazama mguu tu. Katika miaka yote waliyoishi nyumba moja hawakuwahi hata kupeana mkono zaidi ya salamu, na sasa alikuwa ameupakata mguu wa mama mkwe mapajani, mguu mgumu wenye nyufa, akiushika kama yai. Mama alichomoa pini kwenye kilemba chake na kumpa bila kumtazama. Kona alipouondoa mwiba, mama alivuta pumzi kwa meno, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wako barazani:

"Hii njia umechimba wewe peke yako?"

"Kwa sehemu kubwa, mama."

"Mh." Akanyoosha shingo kutazama pale njia inapopinda. "Nilipokuwa nimesimama pale nilikuwa naangalia. Udongo umeushindilia vizuri. Mvua yote ile, hakuna hata mfereji." Akapokea pini yake, akairudisha kilembani. "Ila hapa si mahali pa kona. Mtu haoni mbele."

"Ni kweli, mama. Nitaihamisha."

"Ihamishe."

Kutembea asingeweza vizuri. Kona aliokota kandambili zote mbili na machungwa yaliyosalimika, akainamisha baiskeli yake, akamsaidia mama kukaa kitini kiubavu. Yeye akashika usukani na kusukuma, mkono wa mama ukiwa begani kwake. Walishuka kwa njia ya magogo taratibu, breki zikilia kila palipoinama. Mama alitoa maagizo kwa kila jiwe. Kona alijibu "ndiyo, mama" kwa kila agizo, na hakuna hata moja lililomkera.

Uwanjani habari ilikuwa imeshatangulia. Walipotokeza, watu wote waliokuwa kwenye mahema wakaanza kupiga makofi. Mama aligeuka kutazama nyuma, kuona ni nani anashangiliwa.

"Wananipigia makofi ya nini? Mimi sikushindana."

Mke wa Kona hakungoja baiskeli isimame. Alimkumbatia mama yake hapo hapo juu ya kiti, nusura wote waanguke, huku akimgombeza na kulia kwa pamoja. "Mama, kwa nini hukuchukua simu? Mama, unataka kuniua kwa presha?" Kisha, akiwa bado amemshika, akaanza kucheka. "Nimempata mama mkubwa. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Unajua alikuwa anakuitia nini? Ng'ombe wake amezaa mapacha. Alitaka uje uone."

Mama alimwachia bintiye, akamtazama usoni.

"Mapacha?" aliuliza. "Wote wazima?"

"Wote wazima."

"Basi vizuri," mama alisema. "Lakini nikimwona nitamchapa."

Daktari wa meno alikuja kutoa shukrani rasmi, kofia ameivua na kuishika mkononi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama kweli yeye ni wa meno, maana ana jino la nyuma linalomsumbua. Akapanua mdomo hapo hapo. Mbio zilimaliziwa mchana kwa njia nyingine, fupi na ambayo mtu anaona mbele, na aliyeshinda alikuwa yule kijana wa kofia ya njano, ambaye alimtafuta mama ili apige naye picha.

Jioni Kona alirudi nyumbani, akajimwagia maji, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na taulo shingoni. Mwili wote ulimuuma, na hakukumbuka lini maumivu yalimpendeza namna ile. Ndani alisikia cherehani ikikimbia, mama akimsimulia mjukuu, na kila mara akisimulia, jiwe lilizidi kuwa kubwa na baiskeli zikazidi kuwa nyingi. Mke wake alitoka, akakaa kando yake, akaegemeza kichwa begani kwake. Kila mmoja alijua jinsi siku ile ingeweza kuisha, na haikuisha hivyo. Ilitosha kukaa tu na kuusikia ule mdomo wa mama ukifanya kazi.

Mwalimu alipelekwa hospitali, mfupa ukafungwa, na ukaunga vizuri. Kona ya Jiwe ilihamishwa kabla ya mvua nyingine. Njia sasa inapita mbali na jiwe, na anayeshuka anaona mbele mpaka daraja la mbao. Lakini kazi ambayo Kona aliishughulikia zaidi msimu ule haikuwa ya baiskeli. Aliamua kuchimba kijia cha watembea kwa miguu tu, kitakachovuka kilima mpaka upande wa pili bila kugusa njia ya gurudumu hata mahali pamoja.

Alikipima kwa kamba, akakichora kwa vigingi, akaridhika nacho. Asubuhi aliyotaka kuanza kuchimba, mama mkwe alikuja nyuma yake akiwa na fimbo ya kutembelea, amejifunga mtandio mpya alioletewa na mwalimu. Alivitazama vigingi kimoja kimoja.

"Hapa umekosea," alisema. "Huku kuna tope mpaka kiangazi. Watu wenye magoti mabovu hawapiti huku."

"Wanapita wapi, mama?"

"Njoo nikuonyeshe." Akang'oa kigingi cha kwanza, akakitia kwapani, akatangulia kupanda. Kona akaweka jembe begani, akamfuata.